Kupima ubora wa nanokoloidi ya teknetiamu-99m kabla haijamfikia mgonjwa: mwongozo kwa Mtwara na Lindi

Nanokoloidi ya albumini ni chembe za protini ya damu ya binadamu, karibu zote ndogo kuliko nanomita 80. Zikitiwa teknetiamu-99m, kamera ya gama huweza kuzifuata mwilini. Kazi yake kubwa ni kumwonyesha daktari wa upasuaji mtoki (tezi ya limfu) wa kwanza unaopokea limfu kutoka kwenye uvimbe, hasa kwa wagonjwa wa saratani ya matiti. Mtoki huo ukikosewa, mgonjwa anaweza kuambiwa saratani haijasambaa kumbe imesambaa.

Dawa hii huchanganywa asubuhi na kuisha siku hiyo hiyo. Kiwanda kinakuletea unga ndani ya kichupa. Kinachotokea baada ya wewe kuingiza mionzi hakuna atakayekupimia. Mwongozo huu ni wa wafamasia na watu wa maabara na mionzi wanaojiandaa kuifanya kazi hii Mtwara au Lindi, ambako umbali kutoka Dar es Salaam na unyevu wa pwani hubadilisha mambo ambayo vitabu huyachukulia kuwa ya kawaida.

Anza na hesabu ya barabara

Teknetiamu-99m hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6.01. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni takriban kilomita 560. Dawa iliyotumia saa 10 kutoka kupakiwa hadi kufunguliwa hufika ikiwa na asilimia 32 tu ya nguvu yake. Kwa hiyo usiagize teknetiamu iliyokwisha kukamuliwa. Agiza jenereta yenye molibdenamu-99, ambayo nusu-uhai wake ni saa 66. Molibdenamu hiyo hugeuka teknetiamu taratibu, nawe unaikamua, yaani unaitoa kwa kupitisha maji ya chumvi ndani ya jenereta. Kwa saa 10 zile zile jenereta hubaki na asilimia 90.

Barabara nayo ina siku zake. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko, barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga wilayani Kilwa na magari yakakwama. Jenereta iliyochelewa saa 72 hubaki na asilimia 47 ya molibdenamu yake. Hilo ni rahisi kuliona, maana kipimo kitasoma kidogo. Tatizo lisiloonekana ni jingine. Jenereta iliyokaa bila kukamuliwa hujaza teknetiamu-99 iliyokwisha kupoa, na kwa kemia haina tofauti yoyote na ile unayoitaka. Ukikamua kila baada ya saa 24, takriban atomi 28 kati ya kila 100 za teknetiamu ndizo zenye mionzi unayoihitaji. Baada ya saa 72 ni kama 8 tu. Zile nyingine 92 zitagombania chumvi ya bati iliyo kwenye kichupa, ambayo ndiyo huifanya teknetiamu ishike kwenye chembe, na bati haitoshi. Mkamuo wa kwanza wa jenereta iliyochelewa usiutumie kwa nanokoloidi. Uweke kwenye taka za mionzi, ukamue tena kesho yake. Kama mgonjwa yuko mezani, subiri angalau saa 6. Utapata karibu nusu ya kiasi cha kawaida, lakini kitakuwa safi.

Leseni ya kuingiza, kusafirisha na kutumia vyanzo hivi hutolewa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, chini ya Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003. Bila leseni hiyo hakuna kipimo kinachofuata hapa chenye maana.

Kalibreta kwanza

Kalibreta ya dozi ndiyo mizani yako ya kupimia kiasi cha mionzi. Kila asubuhi, kabla ya kugusa jenereta, weka chanzo cha sesiamu-137 na usome. Nusu-uhai wa sesiamu ni miaka 30, kwa hiyo namba ya leo na ya mwezi uliopita zinapaswa kuwa karibu sawa. Ikipishana kwa zaidi ya asilimia 5 na thamani inayotarajiwa, tafuta sababu. Mara nyingi ni tone lililomwagika kwenye kishikio cha sirinji, au mtu ameacha kichupa chenye mionzi mezani karibu na mashine. Soma pia mionzi ya mazingira bila kitu ndani na uiandike.

Umeme ukikatika na kurudi, iache mashine ipate moto kwa muda ulioelezwa na mtengenezaji, kisha rudia kipimo cha sesiamu. Kaunta ya kuhesabu mionzi, yenye tundu la kuingizia tyubu, nayo iwe kwenye betri ya akiba, kwani volteji ikiyumba hesabu huyumba nayo bila kutoa ishara yoyote.

Mkamuo: molibdenamu, alumini, pH

Maji ya mkamuo yawe meupe kabisa, bila rangi wala vipande. Yaangalie kupitia kioo cha risasi, usiinue kichupa mkononi kukielekeza kwenye taa.

Molibdenamu hupimwa kwa kukiweka kichupa kizima ndani ya kikombe cha risasi chenye unene wa karibu milimita 6. Gama ya teknetiamu, yenye nishati ya keV 140, huishia humo, na ya molibdenamu, yenye keV 740 hivi, hupenya. Soma kwa mpangilio wa molibdenamu wenye sahihisho la kikombe hicho. Tuseme umekamua MBq 10,000 (MBq, yaani megabekereli, ni kipimo cha kiasi cha mionzi; kBq ni sehemu yake moja kwa elfu) na kikombe kimesoma kBq 400 za molibdenamu: hiyo ni kBq 0.04 kwa kila MBq. Kikomo cha farmakopia (kitabu rasmi cha viwango vya dawa) ya Marekani ni 0.15; cha Ulaya ni 1. Usiishie hapo, maana teknetiamu inapungua haraka na molibdenamu taratibu, hivyo uwiano unapanda mchana kutwa. Baada ya saa 12 ule wa 0.04 utakuwa umefika 0.14. Mkamuo uliosoma 0.08 saa 1 asubuhi utakuwa umevuka 0.15 kufikia saa 7 mchana. Andika kwenye lebo saa ya mwisho ya kuutumia.

Alumini hutoka kwenye safu ya alumina iliyo ndani ya jenereta. Tone moja la mkamuo kwenye karatasi ya kupimia alumini, na tone la kilinganishi cha mikrogramu 10 kwa mililita pembeni yake. La kwako likiwa jekundu kuliko kilinganishi, usitumie. Kipimo hiki ndicho watu hukiruka zaidi, na kwa koloidi ndicho cha hatari kukiruka. Ioni za alumini huzifanya chembe zishikamane, na zilizoshikamana hazisafiri kwenye mirija ya limfu. Zinabaki zilipochomwa.

pH ipimwe kwa karatasi. Iwe kati ya 4.5 na 7.5.

Kuchanganya

Kichupa cha unga kitoke kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 dakika chache kabla, kifikie joto la chumba. Chumba chenyewe kisizidi nyuzi 25, maana yake kiyoyozi kiwe kinafanya kazi tangu mapema, si kuwashwa mkamuo ukiwa tayari.

Kiasi cha mionzi na ujazo fuata karatasi ya mtengenezaji, usibuni. Ingiza mkamuo kupitia kizibo, na kabla ya kuchomoa sindano vuta gesi kwa ujazo ule ule ili shinikizo lisawazike. Usiingize hewa hata kidogo, na usichome sindano ya pili ya kupumulia. Ndani ya kichupa mna naitrojeni, na ndiyo inayoilinda bati isioksidike. Pindua kichupa taratibu mara kadhaa. Ukitikisa hadi povu, protini huharibika kwenye uso wa mapovu na kutengeneza vipande. Acha kitulie kwa muda ulioandikwa, kwa baadhi ya bidhaa dakika 30. Anayepima kabla ya muda huo hupata teknetiamu huru (isiyoshika kwenye chembe) nyingi, akakitupa kichupa ambacho hakikuwa na kasoro.

Utepe wa kromatografia

Hapa unatafuta jambo moja: ni asilimia ngapi ya mionzi haijashika kwenye chembe.

Tayarisha tepe za nyuzi za kioo zilizopakwa silika, upana sentimita 1.5, urefu 10. Kwa penseli, si kalamu ya wino, chora mstari sentimita 1.5 kutoka chini, alama ya kukatia sentimita 4, na mstari wa juu sentimita 9. Usiziguse kwa vidole vitupu.

Pwani, tepe hizi huvuta unyevu hata zikiwa ndani ya mfuko wake. Utepe wenye unyevu hupandisha kimiminika ovyo, na teknetiamu huru hubaki njiani ikionekana kama koloidi. Utapata usafi wa juu usio wa kweli. Zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 nusu saa, kisha zihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa chenye jeli ya silika. Jeli ikibadilika rangi, ikaushe nayo. Miezi ya masika fanya hivyo kila wiki bila kusubiri dalili.

Chukua chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko, weka methanoli ya asilimia 85 ifikie kina cha sentimita 1 kasoro, funika na uache dakika 10 hewa ya ndani ijae mvuke. Kimiminika kikizidi mstari wa penseli, tone lako litazama na kuyeyukia chini, na kipimo kimekwisha kabla ya kuanza.

Weka tone la mikrolita 1 hadi 2 katikati ya mstari. Doa lisizidi upana wa milimita 5. Liingize kwenye chupa papo hapo. Likikaa hewani, baadhi ya teknetiamu hurudi kwenye hali yake huru na utailaumu dawa kwa kosa la saa yako. Wanaotumia asetoni wafanye kinyume, waache doa likauke kwanza, kwa sababu maji ya tone huburuta mkia. Asetoni nayo hunywa unyevu wa hewa kila chupa inapofunguliwa, kwa hiyo inunuliwe kwenye chupa ndogo. Kwa mazingira ya Mtwara, methanoli ina usumbufu mdogo.

Kimiminika kikifika mstari wa juu, toa utepe kwa koleo, ukaushe, ukate kwenye alama ya sentimita 4. Koloidi iko kipande cha chini. Teknetiamu huru imepanda juu. Hesabu vyote viwili, kisha toa mionzi ya mazingira. Mfano: chini 48,200, juu 1,150, mazingira 200. Baki ni 48,000 na 950, jumla 48,950. Huru ni 950 gawanya kwa 48,950, yaani asilimia 1.9; iliyoshika ni asilimia 98.1. Kikomo ni angalau asilimia 95.

Kosa la kaunta ni la kawaida kuliko kosa la kemia. Mikrolita 2 kutoka kichupa cha MBq 500 kwa mililita ni MBq 1 nzima, na kaunta ya tundu hulemewa. Ikilemewa hupunguza hesabu za kipande chenye nguvu, yaani cha chini, huku cha juu kikihesabiwa sawasawa. Dawa nzuri inaonekana mbovu. Usizimue sampuli ili kuipunguza nguvu. Sogeza vipande mbali na kichunguzi, vyote kwa umbali ule ule, hadi hesabu ziwe ndani ya uwezo wa mashine.

Kila unapofungua pakiti mpya ya tepe, endesha utepe mmoja wa mkamuo mtupu, bila koloidi. Karibu mionzi yote iwe juu ya alama ya kukatia. Isipokuwa hivyo, tatizo ni tepe au kimiminika, na hakuna haja ya kuendelea.

Utepe hauoni ukubwa

Teknetiamu iliyoshika chembe ya nanomita 30, iliyoshika donge la nanomita 900, na iliyojitengenezea koloidi yake na bati bila kugusa albumini, zote tatu hubaki kwenye mstari wa chini. Utepe utakuambia asilimia 98 kwa kichupa kizuri na kwa kichupa kilichoganda. Maabara inayoishia kwenye utepe haijapima nanochembe. Imepima mabaki tu.

Kinachohitajika ni chujio la polikaboneti lenye matundu ya nanomita 100, na kishikio chake cha kufunga kwenye sirinji. Ni kifaa kidogo, na kama bajeti inaruhusu kuongeza kitu kimoja tu juu ya tepe, kiwe hiki. Nailoni iepuke, hung'ang'ania protini.

Lowesha chujio kwa mililita 1 ya maji ya chumvi ya 0.9%. Zimua mililita 0.1 ya dawa kwenye mililita 1 ya maji hayo hayo, kamwe si maji matupu. Sukuma polepole, matone yahesabike, ndani ya tyubu, kisha suuza chujio kwa mililita 1 nyingine kwenye tyubu hiyo hiyo. Ukihisi sirinji imekuwa nyepesi ghafla, chujio limepasuka. Anza upya na jingine. Soma tyubu, chujio na sirinji tupu kwenye kalibreta, mfululizo bila kupoteza muda, maana dakika 10 zinaondoka na asilimia 2 ya nguvu.

Tuseme tyubu ni MBq 9.30, chujio 0.35. Iliyobaki kwenye sirinji haikufika kwenye chujio, iache nje ya hesabu. Jumla ni 9.65. Teknetiamu huru hupita chujio lolote, kwa hiyo ondoa ile asilimia 1.9 ya utepe, ambayo ni MBq 0.18, kutoka kwenye tyubu na kutoka kwenye jumla. Inabaki 9.12 kwa 9.47: asilimia 96 ya koloidi imepita. Asiyeondoa ile huru atadanganywa zaidi siku ile dawa ikiwa mbaya zaidi.

Kikomo chako kiweke mwenyewe kwa vichupa kumi vya mwanzo vilivyopita vipimo vyote, kwa chujio la aina moja, kwa sababu chujio la nanomita 100 si sawa na kipimo cha kiwandani cha nanomita 80. Kisha kiheshimu. Kichupa kinachoshuka pointi kadhaa chini ya mazoea kisiende kwa mgonjwa hata kama utepe umekisifu.

Kwa uchunguzi wa kina, kipimo cha mtawanyiko wa mwanga hutoa mchoro wa ukubwa wote. Andaa kichupa baridi, chenye maji ya chumvi tu bila mionzi, na kipimwe siku hiyo hiyo kwenye maabara ya chuo yenye mashine. Jihadhari na tafsiri: nguvu ya mwanga hupanda kwa kipenyo kilichozidishwa mara sita kwa chenyewe, hivyo vumbi kidogo huziba sura ya mamilioni ya chembe ndogo. Chuja maji ya kuzimulia, wala usichuje sampuli.

pH, macho, vijidudu

pH ya mwisho ilingane na karatasi ya mtengenezaji. Ukungu mwepesi ni wa koloidi. Vipande au mashapo yasiyoisha kwa kupindua si vyake.

Kipimo cha vijidudu huchukua siku 14, na kufikia hapo dawa imeshatumika zamani. Kinachomlinda mgonjwa asubuhi ile ni mikono: kabati safi la hewa lililokaguliwa, kizibo kilichofutwa kwa spiriti na kuachwa kikauke, sindano mpya kila unapotoboa. Kwa chembe ulizotengeneza mwenyewe, sumu za bakteria zipimwe kabla ya kutumika. Kikomo cha farmakopia ya Marekani ni uniti 175 kwa dozi yote. Chembe zenye rangi, kama za oksidi ya chuma, huvuruga kipimo hicho, hivyo ongeza kiasi kinachojulikana cha sumu kwenye sampuli moja na uhakikishe unasoma kati ya asilimia 50 na 200 yake.

Matokeo yakikataa

Huru imezidi asilimia 5: rudia utepe mpya kwanza. Ikibaki hivyo, tazama jenereta ilikaa saa ngapi bila kukamuliwa, kama hewa iliingia, kama unga umepitwa na tarehe au uliwahi kupata joto njiani. Boksi la vichupa lililoachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani Nangurukuru haliponi kwa kurudishwa kwenye friji. Wasafirishaji wapewe kirekodi cha joto ndani ya boksi, na kisomwe wakati wa kupokea. Dawa yenye huru nyingi hujionyesha pia kwenye picha: tezi ya shingo, tumbo na kibofu vinang'aa.

Chujio limebakiza nyingi: alumini, kutikisa kupita kiasi, kuzimua kwa kimiminika kisicho sahihi, au unga uliopata joto. Vyote viwili vikiharibika pamoja, shuku kichupa chenyewe, uchukue kingine cha bechi hiyo hiyo.

Usijaribu kukiokoa kichupa kwa kukichuja na kuchoma kilichopita, maana hujui tena umebakiwa na protini kiasi gani.

Ikibidi kusafirisha

Dawa iliyochanganywa Mtwara mjini na kupelekwa Masasi kwa mwendo wa saa tatu hufika na asilimia 71 ya mionzi. Andaa kiasi kwa saa ya kuchoma, usipige hesabu kwa saa ya kutoka. Acha mililita 0.2 kwenye kichupa ulichobaki nacho, kwenye joto sawa na la safari, na saa ya kuchoma ikikaribia endesha utepe na chujio tena. Simu ya ruhusa ipigwe baada ya hapo. Mwenye kupokea asome kalibreta yake na alinganishe na lebo.

Tepe, machujio na glovu vikae kwenye pipa la risasi lenye tarehe. Baada ya saa 60, yaani nusu-uhai 10, hubaki sehemu moja kwa elfu ya teknetiamu. Mkamuo uliokataliwa kwa ajili ya molibdenamu hauingii pipa hilo. Molibdenamu inahitaji siku 28 kwa kipimo hicho hicho, kwa hiyo uwe na pipa lake lenye risasi nene zaidi. Pima uso wa kila mfuko kabla ya kuutoa, na lebo ya mionzi ing'olewe pale tu usomaji unapolingana na wa mazingira.